Kanga ya Kupimia Stesheni

Tangu Zulfa azikwe, mumewe Lukumani hakulia. Hakulia makaburini, hakulia kwenye hitima, na arobaini ilipopita watu wa Nachingwea wakaanza yao. Mara ana moyo wa jiwe, mara ana mke mwingine Masasi. Jamani, ulimi hauna mfupa! Lukumani aliyasikia yote, na hayakumuuma hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha. Alikula bila kujua kama chumvi imekolea, akaitikia pole za watu huku mdomo ukisema wenyewe. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu.

Kazi yake ni useremala, vitanda na madirisha. Lakini ukiingia sebuleni kwake unakuta mlango wa zamani umelazwa juu ya magogo, na juu ya mlango huo pamejengwa stesheni ya treni ya Nachingwea, ile ya enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ndogo ya kuingia kwenye sinia. Usicheke, tafadhali. Treni yenyewe Lukumani hakuiona. Reli iling'olewa yeye hajazaliwa. Alichokuwa nacho ni maneno ya marehemu baba yake, aliyekuwa akifunga mabehewa, na maneno ya mama mkwe wake, aliyeuza mihogo ya kuchemsha pale abiria waliposhukia. Yeye na Zulfa wakayaokota maneno hayo, wakayajenga.

Kuta walizikata kwenye maboksi ya biskuti wakazipaka chokaa, nguzo zikawa mabua ya mtama. Bati la migongo alilitengeneza Zulfa kwa kopo la maziwa, akilikunja juu ya msumari taratibu mpaka likatoa mawimbi. Mataruma ya reli ni vijiti vilivyopakwa mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua ngozi. Zulfa alibabuka vidole, akamnunia mumewe, kisha kesho yake akarudi kupaka vilivyobaki. Ndivyo alivyokuwa mwanamke yule.

Sasa sikiliza habari ya kipimo. Siku walipokwenda kupima sakafu ya zege ya stesheni iliyobaki kule vichakani, Lukumani alisahau futi nyumbani. Fundi mzima! Zulfa akamcheka mpaka akakaa chini, kisha akavua kanga ya begani na kumtupia ncha moja, yeye akavuta ya pili mpaka ikanyooka. Kila kanga moja sakafuni ikawa kidole kimoja kwenye boksi. Kanga hiyo ilikuwa imewahi kuchanika pembeni ikapindwa upya, kwa hiyo ilikuwa fupi kuliko kanga zote za mjini, lakini tangu siku hiyo hawakupimia kitu kingine. Wakajenga ofisi, wakajenga nyumba ya mpiga kengele, wakajenga tangi la maji. Ikabaki bohari ya mizigo tu. "Hiyo tutaipima nikipona," Zulfa alisema. Hakupona.

Kwenye arobaini nguo zake ziligawiwa, kama ilivyo desturi. Nguo za marehemu huchukuliwa na ndugu zake wa kike wakazivaa, yeye akapata thawabu, na ikishatoka nguo haidaiwi tena. Kufa kufaana. Aliyegawa ni Hajra, mdogo wake Zulfa, na kabla hajagawa alimuuliza Lukumani vizuri kabisa, "Shemeji, kuna unayotaka ibaki?"

"Gaweni tu," Lukumani akajibu, na macho yake yalikuwa ukutani.

Baadaye akashika boksi ajenge bohari, mkono ukaitafuta kanga kwenye msumari ilipokuwa ikining'inia. Haipo. Akasimama pale mpaka gundi ikamkaukia kidoleni. Kisha akaenda kwa Hajra.

"Kipimo?" Hajra akashangaa. "Shemeji, futi huna? Pima stesheni yako, kapime na ile sakafu, upige hesabu zako. Mimi sijasoma useremala na hilo nalijua!"

Alisema kweli, na Lukumani alikuwa analijua hilo tangu anatoka nyumbani.

"Futi haifai," akasema.

"Haifai nini?"

Lukumani akaanza kuibandua gundi iliyomkaukia kidoleni.

"Iko kwa mwanangu Mwanasha, Likunja kule Ruangwa," Hajra akasema mwishowe. "Lakini usiende kumdai mtoto nguo ya maiti, utatuaibisha."

Alikwenda. Moyo wa mtu kichaka, lakini cha Lukumani mimi nitakufyekea. Hakutaka kupima. Alitaka kuinusa. Alijiambia kuwa akiisikia harufu ya Zulfa, ganzi itatoka na yeye atarudi kuwa mtu. Na asipoisikia, basi na yeye alishakufa, amecheleweshwa tu kuzikwa. Akapanda bodaboda kwenda Ruangwa na hiyo kanuni yake kichwani. Njia nzima mabibo yalinuka chini ya mikorosho, na yeye hakuyasikia.

Mwanasha alikuwa uani akianika korosho, mtoto mgongoni, kafungwa kwa kanga ileile.

"Shikamoo, baba mkubwa! Karibu, mbona hukupiga simu?"

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kanga. Naiomba kidogo, nipime kitu."

Mwanasha akaacha korosho zake. Akamshusha mtoto mkekani, akaikung'uta kanga na kumpa kwa mikono miwili. Lukumani akageukia ukuta, akauzika uso wake ndani ya kanga. Sabuni ya unga. Mkojo wa mtoto. Akavuta pumzi tena, kwa nguvu. Sabuni ya unga. Zulfa hayumo. Akangoja kitu kimchome kifuani, hakikuja, akasema moyoni, haya basi, imekwisha.

Sasa aibu ikamshika, maana alisema amekuja kupima. Akatoa futi mfukoni. "Nishikie ncha hiyo," akamwambia Mwanasha, ili tu asionekane mwongo.

Mwanasha akashika pembe mbili, akarudi nyuma, akaivuta kanga inyooke, kama wanawake wanavyovuta shuka wakitaka kuikunja. Mikono ya Lukumani ikaenda mbele, mwili ukafuata hatua moja. Akashtuka. Tangu mkewe afe watu walimshika bega, walimshika mkono, na hakuna aliyemvuta. Akavuta upande wake. Mwanasha, akidhani anataka ikaze zaidi, naye akavuta.

Futi ikaanguka kwenye korosho. Mzee wa watu akapiga kite kikubwa mpaka mtoto pale mkekani akaanza kulia na yeye, na machozi yakamtoka mchana kweupe mbele ya kuku na majirani. Uchungu ulimjia wote kwa pamoja na haukuwa na huruma.

"Baba mkubwa!" Mwanasha akaogopa. "Niachie?"

"Usiachie," Lukumani akasema. "Usiachie, mwanangu. Vuta."