Kiti cha Muzee wa Misri

Juzi nilipeleka redio yangu kwa fundi mmoja pale Ndosho. Alikuwa amefungua mashine ya zamani ya kuchezea kaseti za video, ameiunganisha na umeme aone kama bado ni nzima, na mara harufu ikanipata puani: vumbi linaloungua polepole juu ya nyaya za moto. Fundi akaona haya. "Samahani mama, hii mashine iko nanuka." Nikamwambia aiache inuke. Nikavuta kibao nikakaa, redio nikaisahau, kwa sababu harufu ile ndiyo iliyokuwa ya sebule yetu ya Murara mwaka ule baba alipofariki, na mimi sikuwa tayari kuondoka.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alikwenda Kampala, alikwenda Bujumbura, na mama alidai kwamba hajawahi kurudi na kitu kilichohitajika nyumbani. Safari moja alileta televisheni, mashine ya kaseti, jenereta ndogo yenye kelele za kuamsha mtaa, na katoni ya kaseti alizoachiwa na mfanyabiashara aliyekuwa akihama. Zote zilikuwa filamu za Misri. Na karibu katika zote alikuwamo mtu mmoja, mrefu, pua kubwa, nyusi nzito, sauti ya kutoka tumboni. Jina lake nilikuja kulijua baadaye sana, lakini silitaji hapa, kwa sababu kwetu hakuwa nalo. Alikuwa Muzee wa Misri, hata katika filamu alizokuwa kijana.

Kaseti hazikuwa na mpangilio, tulizitoa katonini kama mkono ulivyoangukia. Jumatatu Muzee alikuwa na mvi na bakora. Jumatano alikuwa kijana mwizi anayeruka ukuta. Wiki iliyofuata alizikwa, watu wakalia, na kesho yake akaoa. Mimi na mdogo wangu tuliamini kwamba Misri mtu anaanza na uzee, anakufa, halafu ndipo anapewa mke. Nilimwuliza baba kama na sisi tunaweza kuhamia huko. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Lori la baba lilipinduka karibu na Kalengera, likiwa na shehena ya maharagwe. Walituletea habari asubuhi, jioni akawa ameshazikwa. Siwezi kuizungusha habari hiyo wala sitaki. Niliyempenda kuliko wote hakurudi, na mama akaingia eda.

Kwetu, watu wa asili ya Maniema, mjane akiwa eda hatoki nyumbani, hajipambi, hapiti sokoni. Majirani ndio wanaokuja kwake, wanakaa naye ili asizungumze na ukuta peke yake. Wakaja. Mmoja na mkaa, mmoja na mandazi, mmoja na petroli ndani ya chupa. Ile ya petroli ilikuwa ya Mama Kavira, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mkatoliki kutoka Butembo, muuza maharagwe, mwanamke mwenye kifua na sauti vilivyolingana. Baada ya siku chache za kukaa na kuguna alisema kile ambacho wote walikuwa wakikifikiria.

"Mama Zuhura, tutaangaliana tu hivi? Ile televisheni ya marehemu, si tuiwashe?"

Zuhura ni mimi. Mama alinitazama kidogo, kisha akasema niilete katoni.

Sasa ngojeni niwaambie jambo la aibu ambalo mimi sionei aibu hata kidogo. Siku ya kwanza Kiarabu kilipotoka ndani ya sanduku lile, wanawake wote walijifunika vichwa. Walidhani ni mawaidha. Kwa wengi wao Kiarabu kilikuwa lugha ya msikitini tu, hawakuwahi kusikia mtu akikitumia kuomba chai. Bibi mmoja alikuwa akiitikia "amina" kila Muzee alipovuta pumzi. Mama Kavira alipiga ishara ya msalaba, akavuta kitenge mpaka kwenye nyusi, akasikiliza kwa heshima zote.

"Huyu muzee anahubiri muzuri," akasema. "Lakini juu ya nini amepiga ule mutu kofi?"

"Anatoa mufano," mama akajibu, uso mkavu.

Hapo ndipo mama alipoanza kutafsiri. Alikuwa amesomeshwa Kurani na babu huko Kasongo, na aliisoma kwa sauti ambayo iliwanyamazisha hata wanaume. Kwa hiyo Murara nzima iliamini kwamba Kiarabu chochote, hata kikitoka kinywani mwa mlevi wa Kairo, mama anakielewa. Alikaa chini pembeni ya televisheni, kanga nyeupe ya eda mwilini, na kila Muzee alipofungua kinywa, sauti ya mama ilitoka. Alimsemea akiwa mwizi, akiwa bawabu, akiwa baba wa mabinti watano wakorofi. Wanawake walicheka kwa kuziba midomo, maana nyumba ya msiba ni nyumba ya msiba. Mama mwenyewe hakucheka. Lakini nilimwona akila, na tangu mazishi hakuwa akila.

Maneno yakaenda mtaani, kama kawaida ya maneno. Mjane yuko eda, anaangalia filamu! Akaja baba mkubwa, kaka wa baba, aliyekuwa na biashara ya mbao Ndosho. Alisimama mlangoni na viatu vyake.

"Batu banasema nini, Mama Zuhura? Televisheni inalia mu nyumba ya kilio!"

"Shemeji, ni Kiarabu."

"Kiarabu ya nini?"

"Ya Misri."

Baba mkubwa akavua viatu. Kwa Kiarabu hakuwa na ubishi, hakukijua. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mgongo kwenye televisheni, ili aonekane amekuja kulinda heshima. Siku ya pili alikaa ubavu. Siku ya tatu alimwambia mdogo wangu asogeze kichwa.

Niwaambie wazi alichokuja kulinda. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao na mabati, juu ya mawe meusi ya volkano, lakini ilikuwa kando ya barabara, na mwenye mbao hawezi kuona kiwanja cha kando ya barabara akalala. Alikwisha kusema msibani, bila kupunguza sauti, kwamba nyumba ni ya ukoo. Eda ikiisha mama arudi kwao Kasongo, ambako wazazi wake walikuwa wameshakufa wote. Mimi ningekwenda kwa shangazi, mdogo wangu kwa baba mkubwa mwenyewe. Nilikuwa nikilala nimeshika shati la mdogo wangu, nikidhani kwamba nikilishika vizuri hawataweza kututenganisha.

Kati ya zile filamu ilikuwapo moja ambayo mama aliirudia kuliko zote. Humo Muzee alikuwa na mvi tayari. Mama alieleza kwamba ni mjane mwanamume, na kwamba jamaa zake wanaitaka nyumba yake. Lori linakuja, vijana wanashuka. Muzee anatoka na kiti, anakiweka katikati ya mlango, anakaa, anaweka mikono juu ya magoti. Anawatazama, anasema maneno machache kwa ile sauti ya tumboni. Na mama anasema, taratibu, kila neno mahali pake, kwa Kiswahili chetu ambacho kumtosha mtu ni kumtoa:

"Hii nyumba nilijenga na mikono yangu. Mukitaka kunitosha, munibebe na kiti."

Kisha mama ananyoosha kidole, anabonyeza, picha inazimika.

"Hapa kaseti inakwaruza," alikuwa akisema. "Itaharibu mashine."

"Na balimubeba?" Mama Kavira aliuliza kila mara, kana kwamba safari hii jibu lingekuwa jipya.

"Nani atamubeba?"

Wanawake wakaguna kwa kuridhika. Watoto tuliucheza mchezo huo uani, tukibebana na vibao. Na siku moja, Muzee alipoweka mikono juu ya magoti, niligeuka nikamwona baba mkubwa machozi yanamshuka mpaka kwenye masharubu. Akasema ni vumbi. Kesho yake alikuja mapema, akauliza kama ile ya kiti itarudiwa.

Eda ikaisha. Asubuhi hiyo mama alioga, akavua nguo nyeupe, akavaa kitenge cha kijani ambacho baba alimletea kutoka Bujumbura. Sote tulikuwa hatujamaliza chai tuliposikia lori likirudi nyuma kuelekea mlangoni, na moshi wa dizeli ukaingia ndani kabla ya mtu. Baba mkubwa alishuka na vijana wawili wa kubeba mbao. Hakukosa adabu, nimpe haki yake. Alisalimia kwanza.

"Mama Zuhura, eda imeisha, tunashukuru Mungu. Parcelle, hii kiwanja, ni ya famille, unajua. Nimekuletea camion. Panga bintu yako pole pole."

Mama alirudi ndani, nikasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafuni, kisha ikikwaruza juu ya mawe meusi ya kizingiti. Akakiweka katikati ya mlango. Akakaa. Akaweka mikono juu ya magoti.

Nilimwona baba mkubwa akilitambua jambo hilo. Uso wake ulibadilika hata kabla mama hajasema neno, kwa sababu alikuwa ameona kiti hicho mara nyingi kuliko alivyotaka watu wajue, na sasa alikuwa amesimama upande wa lori.

"Mama Zuhura," akasema, sauti imepungua, "hii si filme."

"Hii nyumba nilijenga na bwana yangu, musumari kwa musumari," mama akasema. "Mukitaka kunitosha, munibebe na kiti."

Kijana mmoja alicheka, akainama kushika mguu wa kiti. Ndipo Mama Kavira alipotoka kwake na kile kibao anachokalia akiuza maharagwe. Akakitua kando ya mama, akaketi kwa uzito wake wote.

"Na miye munibebe," akasema. "Tuone mugongo yenu."

Wakatoka wengine. Waliokuwa na vigoda walileta vigoda, wasiokuwa navyo walipindua bidoni za maji wakakalia. Hakuna aliyepiga kelele. Waliweka mikono juu ya magoti, wote, kama walivyofundishwa sebuleni kwetu. Nami nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikakaa mbele yao, nimemkalisha mdogo wangu mapajani. Niliogopa mpaka nikajikojolea kidogo, lakini sikuinuka.

Baba mkubwa aliitazama safu ile. Hakuwa mtu mbaya wa filamu, na nadhani hicho ndicho kilichomshinda.

"Shemeji," mama akamwambia, kwa upole sasa, "si ni weye ulilia?"

Akavua kofia, akaivaa tena. Akamwambia dereva awashe gari. Kwa miaka yote iliyofuata alinung'unika katika kila harusi ya ukoo kwamba wanawake wa Murara wameharibiwa na televisheni, lakini lori hakulileta tena. Alipougua, mama ndiye aliyempelekea uji.

Mimi nilikua nikimshukuru Muzee wa Misri. Nilipopata simu nilimtafuta, nikasoma maisha yake. Mtoto wa karani wa reli, alianzia kwenye michezo ya shule. Kwa miaka mingi walimpa sehemu za wezi na mabawabu, mtu wa kufungua mlango na kusema neno moja, kwa sababu walimwona hana sura. Mvi zilipomjaa ndipo walipomwona. Aliposhauriwa apumzike alisema atapumzika akizikwa, na akaigiza mpaka mwaka wa mwisho. Nilifurahi. Nilijiambia, ndiyo, huyu ndiye aliyetukalia mlangoni.

Kisha binti yangu akaipata filamu yenyewe ya kiti, yenye maandishi ya Kifaransa chini. Nikaitazama peke yangu. Nyumba ile, Muzee ameiuza mwenyewe. Anahamia kwa mwanawe. Wale vijana ni wapakizi aliowaita yeye, na maneno anayowaambia akiwa amekaa ni haya: samahanini wanangu, nawachelewesha, napumzisha miguu kidogo. Halafu anainuka. Anakibeba kiti mwenyewe, anakipakia, anapanda lori, na filamu inaendelea bila nyumba.

Niliona hasira, sifichi. Nilijihisi nimeibiwa. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Mama alikuwa akijizoeza. Eda yote, amefungiwa ndani na desturi, haruhusiwi kubishana na mtu, alikuwa akiyasema maneno yake kwa kinywa cha mwanamume wa Kairo, mbele ya majirani ambao angewahitaji na mbele ya shemeji aliyekuwa akisubiri kumtoa. Nao wakayakariri. Na kaseti haikuwahi kukwaruza. Mama alijua kwamba Muzee anainuka, na alikuwa amekataa ainuke.

Nyumba bado ipo. Ninaandikia humo humo, na anayeitaka aje na watu wenye migongo. Mama amezeeka, kiti kimebadilishwa miguu, lakini kila jioni anakiweka mlangoni. Jana nilipiga magoti kando yake, nikamshikia simu yenye filamu ile. Akamtambua papo hapo. Muzee alipokaa, midomo ya mama ilitembea pamoja na yake, neno kwa neno, yale yale ya kwetu. Muzee akashika magoti, akaegemea mbele kutaka kusimama. Mama akanyoosha kidole, akagusa kioo, na picha ikasimama.

"Hapa kaseti inakwaruza," akasema.