Baridi ya Saa Saba

Ugonjwa wa kideri ulipofagia kuku wote wa shangazi yangu kule Handeni, hakubakiwa hata na tetea wa kulalia. Akaomba mayai kwa jamaa, yakafika arobaini, akanipigia simu: "Wewe si fundi? Nitotoleshee. Haya yakiharibika sina pa kuanzia tena."

Fundi wa redio na simu, ndiyo, hapa Korogwe. Mashine ya kutotolesha sikuwahi kuigusa. Nikapata mtandaoni ramani ya saketi ambayo wenyewe wameiweka bure: chukua, badili, mpe mwenzio. Hilo tu lilinichanganya. Mimi nikijua dawa ya simu iliyokufa, namwonyesha nani? Haya, nikaunda: boksi la mbao, balbu mbili, kipimajoto, na laini ya kunitumia ujumbe wa joto kila saa. Nikampelekea.

Nyuzi thelathini na saba na nusu, safi kabisa. Isipokuwa saa saba mchana. Kila siku saa saba joto linaporomoka, saa nane limerudi. Jamani! Handeni, jua la kupasua kichwa, baridi inatoka wapi? Nikawaandikia wenye ramani. Mmoja akasema umeme mdogo, mwingine risasi ya kuchomelea waya haikushika, wa tatu akataka picha. Nikapanda gari la alfajiri, nikachomelea upya, nikapandisha joto nyuzi mbili kufidia, nikarudi Korogwe kabla ya mchana. Wapi! Saa saba, yale yale. Nikaanza kushuku mashetani, na mimi si mtu wa hayo.

Siku ya ishirini na moja nilikuwepo. Saa saba shangazi akaingia, akafunua boksi, akaketi kando.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Naipumzisha. Kuku akilalia hutoka akala, akanywa maji. Hii yako imekaa tu tangu asubuhi, masikini."

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikakumbuka zile nyuzi mbili.

Vilitoka vifaranga vitatu. Mayai mengine yote viza. Bwana mifugo akapasua machache, akaniita pembeni: kufunuliwa kidogo hakudhuru, hata kuku hutoka. Yameuawa na joto.

Shangazi alikuwa ameshika kifaranga kwenye kanga. "Kosa langu," akasema. "Ningeipumzisha mara mbili."

Niliona aibu, nikapanda gari la kurudi. Jioni ile niliwaandikia wenye ramani kila kitu, kosa langu lote, mtu yeyote duniani alisome. Shangazi bado sijamwambia.