Fundi wa Kashojwa Anayeipima Hewa

Saa moja asubuhi, ukungu wa ziwa bado umelala juu ya mabati ya Kashojwa. Ndani ya kibanda cha udongo chenye cherehani moja, mwanamke anayeitwa Goretti amesimama katikati ya sakafu, amefumba macho, amekumbatia hewa.

"Usikaze," fundi anamwambia. "Mukumbatie vile ulikuwa unamukumbatia siku zote."

Goretti analegeza mikono. Fundi anaizungusha futi ndani ya duara la mikono hiyo, taratibu, kama anayeogopa kumgusa mtu. Anasoma: themanini na nane. Ndicho kipimo cha kifua cha kaka yake Goretti, aliyepotea vitani huko Kivu Kusini, na hakuna anayejua kama alizikwa.

Fundi huyu ni Gisèle Nyirabahire, mwenye miaka arobaini na sita, mkimbizi kutoka milima iliyo juu ya Uvira. Wapo wanaodhani kwamba mkimbizi huvaa kwa kujisitiri tu. Waje hapa kambini Nakivale, Uganda, mwezi huu wa Agosti 2013. Hapa koti hutangaza nani yu hai na nani hayupo, na likishatangaza hakuna anayebisha.

Kazi yake ya kila siku haina maajabu. Hushona sare za shule, hubadilisha zipu, hupunguza magauni ya kanisani. Mwezi mzuri humwachia shilingi laki moja na elfu ishirini. Mwezi mbaya humwachia muhogo wa jirani.

Makoti ni jambo jingine. Kwa watu wa kwao, matanga hayaishi mpaka ndugu mmoja avae koti la marehemu na kuingia nalo kanisani. Lakini waliokimbia walikimbia mikono mitupu. Makoti yaliungua pamoja na nyumba, au yaliondoka yakiwa mwilini mwa wenyewe. Ndipo Gisèle akaanza kuyashona upya, akipima kile ambacho mikono ya waliobaki inakumbuka.

Koti la aliyepotea hulipiga bandi tu, zile nyuzi ndefu za mkono ambazo kidole kimoja kinaweza kuzifumua. Habari ya kifo ikithibitika, ndipo hulipitisha kwenye cherehani. Ukutani yananing'inia makoti saba ya bandi. Mlango ukifungwa, na upepo usipokuwepo, huonekana yakigeuka kidogo kidogo kuielekea barabara. Wateja wameshayaona.

La nane lilikuwa la mumewe.

Musoni alitoka nyumbani asubuhi moja ya Agosti 1998 kwenda kutafuta chumvi, akiwa amevaa koti la kijivu. Hakurudi. Siku ya tatu mji uliwaka moto, na Gisèle akakimbia na binti yao Grâce, mtoto wa miaka minne, mgongoni.

Mwaka 2003 alipopata cherehani, koti la kwanza kushona lilikuwa hilo. Alifumba macho, akakumbatia hewa, Grâce akashika futi. Tisini na mbili. Akalipiga bandi, akalitundika.

Agosti iliyofuata alikumbatia tena. Tisini na nne.

Kila mteja humpima mara tatu, katika siku tofauti, na namba hurudi ileile bila kukosea hata sentimita. Musoni peke yake alikuwa anaongezeka. Mwaka baada ya mwaka Gisèle alifumua bandi za ubavuni, akaongeza ukanda mwembamba wa kitambaa cha kijivu, akashikiza upya. Mwaka jana kipimo kilifika mia moja na sita.

"Mutu mwenye alikufa hanenepi," anasema. "Nilijua iko fasi fulani anakula."

Grâce, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa, hakukubali kamwe. Alimwambia mama yake kwamba ni mikono yake inayolegea, kwamba anayezeeka ni yeye. Gisèle humjibu kwamba mikono hiyohiyo huvipima viuno vya nusu ya Kashojwa, na hakuna gauni lililowahi kurudishwa.

Kitambaa hukifuata mjini Mbarara, kwa Abdullah, mfanyabiashara anayemwekea jora moja la kijivu. Utani wa Abdullah haubadiliki. "Mama Grâce, huyu mzee yako anakula mingi sana. Mlete hapa nimuone."

Kisha Grâce akachumbiwa.

Wakwe walitoka kambi jirani ya Oruchinga wakiongozwa na Semahoro, baba mkubwa wa bwana harusi, mtu asiyezungusha maneno. Kwa desturi yao, siku ya harusi, baba wa binti akiwa hai lakini mbali, ndugu yake husimama mahali pake kwa nguo zake mwenyewe. Akiwa amekufa, husimama ndani ya koti la marehemu. Semahoro akataka jibu kabla ya harusi, ambayo ni Jumamosi hii.

"Mutuambie tu," alisema. "Kijana wetu ako na baba mukwe, ao ako na koti?"

Gisèle aliomba wiki moja. Jumanne alisimama katikati ya sakafu, akafumba macho. Grâce alisoma futi. Wakapima tena. Wakapima mara ya tatu.

Mia moja na sita.

Kwa miaka kumi namba hiyo haikuwahi kusimama. Gisèle anasema hakulia. Alikaa kitini, mikono ingali imeinuka, kwa sababu hakujua aishushe wapi.

Jumatano alipanda gari la Mbarara. Abdullah alikwisha kumkatia ukanda wa kijivu, na utani wake ulikuwa mdomoni. Gisèle akausukuma ukanda upande wa pili wa meza, akaomba uzi wa cherehani. Abdullah akautoa ukanda mezani kwa mikono miwili. "Pole, mama."

Jana koti la Musoni lilipita kwenye cherehani. Jioni akaja Baudouin, mdogo wake Musoni, mwembamba kama fito, kulijaribu. Mabega yalimwelea, mbele palimpwaya.

"Shemeji, humu tunaingia watu wawili," alisema akicheka, akaomba lipunguzwe. Gisèle alikataa. Koti la marehemu halipunguzwi kwa ajili ya aliye hai.

Baudouin akageuka kwenda mlangoni kwenye mwanga, na Grâce akaangusha kopo la pini. Kwa nyuma koti lilikuwa limejaa. Mgongo ulilivuta, mabega yaliligusa, mshono wa katikati ulikaza kama juu ya mtu mnene. Baudouin akageuka kuuliza kuna nini, na alikuwa Baudouin yuleyule, kitambaa kinampwaya kifuani. Grâce akainama kuokota pini.

Baada ya harusi Gisèle anataka cherehani ya pili, afundishe wasichana wa mtaani kushona, na kupima hewa pia, maana waliopotea bado ni wengi na yeye ni mmoja. Lakini kwanza Jumamosi. Kutoka kibandani hadi kanisani ni mwendo wa dakika kumi, na ameshaupanga.

"Mimi nitatangulia na binti," anasema akikunja futi. "Baudouin atafuata. Kama nitasikia nyuma yangu hatua za mutu muzito, sitageuka. Nitamuacha atembee na sisi mpaka kwa pasta."