Mishale Myeusi ya Bienfait

Upinde wa mzee Mushagalusa ulikuwa mgumu kuvuta kuliko wowote pale kijijini Gatete, kando ya ziwa. Aliuchonga mwenyewe zamani, kabla hajavuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini, na watu wengi walijaribu kuuvuta wakaishia kucheka na kusugua mabega. Sasa macho ya mzee yalikuwa yamefifia. Aliyebaki na nguvu za kuuvuta ni mwanawe Bienfait, na aliyebaki na ujuzi wa kuutengenezea mishale ni binti yake Kabibi.

Kabibi alijifunza kazi hiyo akiwa bado mdogo, akishikwa vidole na baba yake. Mama yao alikufa mapema, na nyumba ile ilibaki na watu watatu waliozungumza zaidi kwa mikono kuliko kwa maneno.

Vita vilipozidi, watu wengi wa vilimani waliteremshwa kambini na mashamba yakabaki bila wenyewe. Nguruwe pori wakazoea. Walishuka jioni jua likiwa bado halijazama, wakafukua mihogo kama watu wenye majembe. Bunduki hakuna aliyethubutu kuwa nayo. Watu wakakumbuka upinde wa mzee.

Tatizo lilikuwa mishale. Matete ya kando ya ziwa yalifaa pinde nyepesi, lakini kwa upinde ule yalijikunja Bienfait alipoachia ugwe, mshale ukaenda upande, na mara nyingine ukapasuka kabla haujafika popote.

Ndipo mjomba wao Lukeba akaja kutoka Bujumbura. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha watu kulenga shabaha kwa upinde, na Mzungu huyo alipokimbia vita alimwachia vitu alivyoshindwa kubeba. Lukeba akafungua gunia mbele yao. Ndani mlikuwa na vijiti vyeusi vilivyonyooka, vyepesi, vyenye uwazi katikati.

"Bwana aliviita kaboni," alisema Lukeba. "Si chuma, si mti. Mutaona wenyewe."

Kabibi hakuvishangilia. Aliviegemeza kimoja kimoja juu ya matofali mawili, akaning'iniza jiwe lile lile katikati, akatazama kila kimoja kinavyoinama. Vilivyoinama sana aliviweka kando. Hivyo vilikuwa vya pinde laini, na kwa upinde wa baba yake vingeyumba kama matete. Vilivyobaki alivikunja polepole karibu na sikio. Kimoja kilitoa mlio mdogo, tik, naye akakitupa motoni papo hapo.

"Kwa nini?" Bienfait akauliza. "Kile kilikuwa kizuri!"

"Kiko na ufa. Kikipasuka mukononi mwako, vipande vyake vinaingia nyamani kama sindano. Utaendelea kuvuta upinde kwa meno?"

Mzee Mushagalusa alicheka. Kisha akasema kitu ambacho Kabibi hakuwa amekifikiria, kwamba mshale mwepesi mno unauumiza upinde mzito, maana nguvu inayokosa mzigo inarudi kwenye mti. Basi Kabibi akavijaza vijiti kwa mbele vipande vya mti mgumu, akatia vyembe vya chuma nchani. Uzito wa mbele ukavilegeza kidogo, hivyo akavikata vikawa vifupi hadi vikakaza tena. Siku Bienfait alipojaribu, mshale ulikwenda umenyooka, ukazama kwenye kigogo cha mgazi, ule mti wa mawese, hadi nusu. Alimgeukia dada yake na kucheka meno yote nje.

Habari zilipanda hadi Bugarama. Mjane mmoja, Pascasie, akateremka kwa miguu kuja kuomba msaada. Nguruwe walikuwa wakimaliza mihogo iliyobaki, na watoto wake walikuwa wakilala na njaa.

"Amahoro, mzee," alimsalimu Mushagalusa. "Munikopeshe mutoto wenu. Nitamulinda kama wangu."

Mzee akakubali. Kabibi alitaka mdogo wake abebe mishale ya matete, yasimvutie mtu macho njiani. Bienfait akamkatalia dada yake mkubwa.

"Yaya, matete yatanifanyia nini mbele ya nguruwe? Nichagulie vizuri."

Akamchagulia vile vyeusi vilivyonyooka kuliko vyote. Akavifunga kwa kitenge chake.

Pascasie alirudi peke yake, analia, kiatu kimoja mguuni. Barabara ya Bugarama ilikuwa imefungwa na wanaume wenye bunduki. Walikuwa wa upande gani, hakujua, na hakuna aliyejua baadaye. Upinde walioukuta mgongoni mwa Bienfait haukuwasumbua, kwa kuwa pinde waliziona kila siku. Kilichowashtua ni mishale walipofungua kitenge.

"Huu si mushale wa mukulima," mmoja alisema. "Nani anawaletea silaha hizi? Nani amezitengeneza?"

Pascasie alisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Walimpiga Bienfait, wakamuuliza tena na tena. Naye akajibu neno lile lile, kwamba ameziokota kando ya ziwa.

"Angesema ni dada yake," Pascasie alimwambia Kabibi, "wangeteremka kukutafuta. Aliliona hilo. Mimi waliniambia niende, nikasikia mlio wa bunduki nyuma yangu."

Kabibi alikaa chini pale mlangoni.

Njia ilipofunguka, alipanda Bugarama. Majirani wa Pascasie walikuwa wameshamzika Bienfait ukingoni mwa shamba, katika mkeka safi. Kabibi alipiga magoti, akasawazisha udongo kwa viganja, akaendelea kuusawazisha hata ulipokuwa hauna haja tena.

Nyumbani baba yake aliuliza swali moja. "Walimuzika vizuri?"

"Vizuri, Papa."

"Si mikono yako iliyomuua," mzee alisema. "Sikiliza vizuri. Mimi ndiye nilikubali aende." Wakabaki kila mmoja akijaribu kumpokonya mwenzake lawama, na hakuna aliyeweza.

Nguruwe walimaliza shamba lao msimu ule. Baba na binti wakahamia Rumonge mjini, kwa mwanamke aitwaye Mwanahamisi, ambaye Kabibi alimsaidia kukamua mawese. Mtu akimletea upinde, alisema kazi hiyo ameisahau.

Mzee alifariki bunduki zilipoanza kunyamaza pwani ya ziwa. Alikuwa ameomba alazwe kando ya mwanawe, na watu wakambeba hadi Bugarama. Pascasie alikuwa amelipalilia kaburi la Bienfait miaka yote hiyo. Watu walipoondoka, Kabibi alibaki naye shambani.

"Nisimulie tena," alimwambia. "Tangu mulipotoka nyumbani."

Pascasie akaweka jembe chini, akakaa, akaanza na namna Bienfait alivyokuwa akiimba njiani.