Jembe Nililosema Limelia Vizuri

Baba yangu alikuwa mhunzi Kwihara, na majembe yake aliyapima kwa sikio. Alichukua springi ya lori iliyotoka Igunga, akaitia motoni, akaifua mpaka ikawa bapa. Jembe likishapoa alilining'iniza kwa kamba, akaligonga mara moja, akasikiliza. Lisipolia alivyotaka, alilirudisha motoni, hata kama mteja anasubiri nje. Wateja walinung'unika. Kwa macho yetu jembe lilikuwa zuri tu.

"Uzuri unaouona wewe ni wa juu," aliniambia. "Mimi nautaka wa ndani. Ndio utakaolima."

Nilikuwa mtu mzima, nachomelea mageti Tabora mjini, masikio yake yalipokufa kwa nyundo za miaka yote ile. Nikarudi nyumbani kumsaidia. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Ila akishagonga jembe, alinikazia macho.

"Linasemaje?"

Mimi nilisikia chuma kikilia, basi. Alichokuwa akikisikia yeye sikuwahi kukisikia, na niliona aibu kumwambia. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia hivyo kiangazi kizima.

Mvua za kwanza ziliponyesha, jirani yetu mmoja, mjane mkulima wa karanga, alikuja na jembe lake likiwa vipande viwili.

"Shikamoo, baba," alisema, ingawa alijua hasikii. Akapiga goti, akaviweka vipande mbele yake taratibu, kana kwamba kosa ni lake.

Baba alipapasa pale lilipokatikia. Ndani palikuwa na ufa wa zamani, umeshakuwa mweusi. Ulikuwepo tangu siku tulipoligonga.

"Ulisikia?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Na yale mengine?"

Nikatikisa tena.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliinua ndoo akaumwagia moto maji, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya, akaingia ndani. Hajashika nyundo tena.

Mimi nimerudi kwenye mageti. Majembe ya kiangazi kile yako mashambani kwa watu, mengine hadi Ulyankulu, na hakuna anayeweza kuniambia lipi ni zima. Jumapili naenda kumwona baba. Hulala akiutazama ukuta. Nikimpelekea uji huupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayehudumiwa na mgeni.