Furushi la Siku ya Kukimbia

Asubuhi ile Nabintu alilifungua furushi lake mbele ya mlango, akaanika vitu juani kama kila Jumamosi: viatu vya watu wawili, chumvi, sufuria ndogo, blanketi. Mumewe, mzee Appolinaire, alikuwa akinywa uji.

Jirani yao Orpa akapita na dumu la maji.

"Mama Mariette, leo tena unasafiri? Utuage basi!"

"Cheka tu, dada. Siku batakuja, utanifuata nyuma miguu mitupu."

Kwao Kivu Kusini walikimbia bila hata kiatu. Nabintu akaapa haitatokea tena. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, hakuna aliyewajia na bunduki, lakini furushi lilining'inia kwenye ukuta wa nyuma, tayari. Walipokuja watu wa mafunzo kuuliza nani amejitayarisha kwa maafa, mkono wake ulikuwa wa kwanza juu. Wakampigia makofi. Hakuna aliyezunguka nyuma kutazama ule ukuta wa matofali mabichi, ulioliwa na maji ya mlimani kila mvua. Nabintu aliupaka udongo, ukapendeza. Binti yao Mariette aliwaita Kakoba, mjini Mbarara, mpaka mvua ziishe.

"Nilale kwa mukwe wangu?" mama alishangaa. "Tena tunakimbia nini? Sisi tuko tayari."

Mchana wa Jumamosi hiyo, furushi limekwisha rudi ukutani, mvua ikashuka. Maji yakaingia kwa nyuma, wakatoka wote wawili, wakasimama kwa Orpa. Wamelowa, lakini wazima. Wazima kabisa. Ndipo Nabintu akasema, "Furushi!" akarudi mbio. Miaka yote alijifundisha jambo moja, usitoke bila furushi. Miguu ikatii.

Ukuta ukamlalia.

Majirani walichimba kwa majembe na mikono, wakamkuta amelikumbatia. Gari la wagonjwa lilimfikisha Mbarara bado anapumua. Appolinaire akaketi kando ya kitanda, furushi magotini. Hakujua aliweke wapi.

Siku hizi watu wa kanisa humwambia Appolinaire kwamba mkewe alikuwa mwanamke wa kujipanga. Anaitikia kwa kichwa. Waache waseme. Viatu vile bado vipya.

Mariette huuliza mama alisema nini mwisho. Baba hajamwambia. Mama alifumbua macho, akamtazama mumewe, akasema:

"Baba Mariette, furushi haikulowana?"