Mbwa Asiyebweka na Noeli Niliyoiharibu

Kuna siku moja ya Noeli ninayoikumbuka hata ninapojitahidi kuisahau, na mwaka huu nyinyi vijana mmenilazimisha kuisimulia. Mwanangu, nimechoka. Wiki iliyopita nilipita nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa mtaani Mangobo, Kisangani, nikakuta mbwa mdogo amefungwa kwa kamba fupi kwenye mguu wa meza, na juu ya meza ile kuna spika mbili kubwa kama milango. Kichwani amevishwa kofia nyekundu ya Noeli. Vijana wanampiga picha kwa simu, wanacheka. Nikawaambia wamwondoe pale. Mmoja akanijibu kwa heshima kabisa, "Papa, usiogope, iko calme. Angalia, hata habweki."

Ametulia, eti! Mbwa anatetemeka mpaka kofia inacheza, na nyinyi mnaniambia ametulia. Nilitaka kukasirika zaidi, lakini nilishindwa, kwa sababu maneno hayohayo niliyasema mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka sekondari na kiburi chake chote.

Mjomba wangu, kaka yake mama, tulimwita Tonton Bosenge. Aliishi msituni upande wa Ubundu na alikuwa mwindaji wa nyavu. Mwaka ule, katikati ya Desemba, alikuja Kisangani kupasuliwa ngiri. Alishuka kwenye treni, akavuka mto kwa pirogi, yaani mtumbwi, akiwa na mfuko wa nguo na mbwa wake jike, mwekundu, miguu myeupe, mkia umejikunja juu ya mgongo. Jina lake lilikuwa Mosala, yaani kazi, na kazi ndiyo aliyoijua. Mbwa wa aina yake habweki. Ndiyo maana wawindaji humfunga shingoni kengele ya mti: akiwa ndani ya majani marefu, wao humfuata kwa mlio wa kengele. Mosala aliwafukuza wanyama mpaka kwenye wavu, na nyumba nzima ya mjomba, mke na watoto wanne, ilikula kwa miguu ya mbwa huyo. Hakutaka kumwacha kijijini, kwa sababu huko mbwa mzuri huazimwa na kila mtu mpaka anaharibika. Akaona kwa mtoto wa dada yake, mjini, ndiko atakakokuwa salama.

Siku ya kulazwa alinishika mkono mlangoni pa hospitali.

"Mosala hajui mji," akasema. "Usimufunge karibu na watu. Mupe chumba, mupe maji, mulishe saa ileile. Na sikukuu ikianza kupiga kelele, ukae naye. Umesikia?"

"Nimesikia, Tonton."

"Umesikia na masikio ao na kichwa?"

Nikacheka. Nilikuwa nimesikia kwa masikio.

Kosa langu la kwanza lilihusu kengele. Jirani yetu alikuwa mwalimu wa kwaya, na wanakwaya wakijiandaa kwa misa ya Noeli walilalamika kwamba ile kengele inawachanganya. Wawindaji wakiwa njiani kwenda msituni hujaza majani ndani ya kengele ili isilie kabla ya wakati. Nilikuwa nimemwona Tonton akifanya hivyo. Basi nami nikaijaza majani makavu ya mgomba, nikajiona fundi. Mnyama asiyekuwa na sauti, nikamnyang'anya hata ile moja aliyopewa.

Kosa la pili lilikuwa kujionyesha. Siku ya Noeli, baada ya misa, rafiki zangu walijaa kwetu. Pondu, majani ya muhogo, ilikuwa jikoni, mbuzi yuko motoni, muziki umefunguliwa mpaka mabati yanalia. Mama aliniambia nimfungie Mosala chumbani kwangu. Nikamjibu kwamba chumba kina joto. Uongo mtupu. Nilitaka watu wamwone mbwa asiyebweka. Nikamfunga kwenye nguzo ya baraza, hatua mbili kutoka kwenye spika. Akaanza kupiga miayo, mmoja baada ya mwingine, akajilamba midomo bila chakula, masikio akayalaza nyuma. Nilimpa nyama ya mbuzi, hakuigusa. Nami nikawaambia wageni, "Muone vile iko calme."

Dieudo, rafiki yangu wa darasa moja, akainama kumtazama.

"Mbwa gani hii? Iko bubu?"

"Ni kabila yake. Habwekake."

"Wacha uongo. Mbwa yote inabweka. Hii haijapata tu sababu."

"Alors, umupatie sababu!" mwingine akapiga kelele, na baraza zima likacheka.

Wakawekeana chupa ya bia: atakayemfanya Mosala abweke ndiye atakayeinywa. Na mimi, niliyeachiwa kumlinda, ndiye niliyeishika hiyo chupa. Mmoja akambwekea usoni. Mwingine akagonga vifuniko vya sufuria. Wa tatu akamvuta mkia. Mosala aligeuza uso ukutani. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Weye! Hii mbwa ni ya kaka yangu, na yeye iko analala hospitali!"

"Mama, ni mchezo tu."

Dieudo alikuwa na fataki mfukoni, zile ndogo za sikukuu. Aliwasha moja, akaitupa nyuma ya mbwa.

Hakubweka. Alilia. Sauti ndefu, ya kupanda, kama mwanamke aliyeletewa habari ya msiba. Mtu akazima muziki. Kabla hatujajua la kufanya, Mosala aliruka, kamba ikakatika, akapita kwenye lango na kupotea. Ilikuwa saa tisa mchana. Nilikimbia mpaka barabarani nikasimama kusikiliza ameelekea wapi. Sikusikia kitu. Kengele ilikuwa imejaa majani, na niliyeijaza ni mimi. Nyuma yangu Dieudo bado anacheka: "Bon, ile si kubweka. Bia haina mwenyewe." Nilitamani kumpiga, lakini chupa ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nilimtafuta siku tatu. Nilipita kwenye majani marefu ya Simi-Simi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege, nikiita jina lake kama mwendawazimu. Nilizunguka sokoni. Na kila jioni nilipompelekea Tonton chakula hospitalini, aliniuliza swali moja tu: "Mosala iko sawa?" Nikajibu, "Anakula vizuri, Tonton." Mjomba ana mshono tumboni, na mimi namlisha uongo pamoja na wali.

Siku ya nne nilimpata mtoni, kwenye gati la pirogi za kuvuka, palepale aliposhukia na bwana wake. Alikuwa amejificha chini ya pirogi iliyopinduliwa. Mama mmoja muuza samaki ndiye aliyenionyesha.

"Anaangalia ng'ambo siku zote," akaniambia. "Namutupia samaki, hakuli mpaka mimi niende mbali. Mulimufanya nini?"

Niliinama nikachungulia chini ya pirogi. Mosala aliponiona alirudi nyuma, akajibana kwenye ubao.

Tonton alipona, akaondoka naye mwezi wa kwanza. Nikadhani mambo yamekwisha. Mwezi wa pili nilikwenda kumtembelea, nikafuatana na wawindaji. Nyavu zikatandazwa, watu wakaanza kupiga kelele na kugonga vichaka kama kawaida yao. Kwa kelele ya kwanza Mosala alilala tumbo chini, akajikojolea. Tonton akambeba mikononi kama mtoto mgonjwa. Akanitazama, nami nikamweleza yote: kengele, spika, fataki, chupa. Nilingoja matusi. Aliniambia maneno machache tu.

"Mbwa hii haisemake. Nilikuachia weye, juu useme kwa nafasi yake."

Mosala hakuwinda tena. Tonton hakumfukuza, alikaa naye mpaka akafa, lakini asiye na mbwa wa kuwinda hupewa fungu la mwisho la nyama, na mara nyingine hakuna. Watoto wale wanne walilipia mchezo wangu. Hilo halikurekebishika, hata nilipopeleka mbwa mwingine.

Sasa, mwanangu, nisikilize kwa kichwa. Mnyama akinyamaza si kwamba ametulia. Mtazame: miayo isiyo ya usingizi, kutetemeka, masikio yaliyolala, chakula kilichoachwa. Hiyo ndiyo kelele yake. Kabla wageni hawajafika, mtengee chumba cha mbali na muziki, funga dirisha, mwekee maji na kitambaa anachokilalia kila siku. Mlishe saa yake, chakula chake. Mifupa ya kuku, pilipili na bia zenu zikae mezani. Mtembeze asubuhi, kabla fataki hazijaanza. Paka ukiona amejificha chini ya kitanda, mwache hukohuko, usimvute mguu ili mgeni amshike. Wageni waambie waziwazi kwamba mnyama si mchezo wa sikukuu, hata wakikuita mnoko. Punguza huo muziki, jamani. Bwana Yesu alizaliwa kati ya wanyama na hakuna aliyewafungulia spika! Na kama huwezi kuacha ngoma saa moja ukakae naye, basi usimfuge, wala usikubali kuachiwa wa mwenzako.

Mungu akupe masikio ya kusikia asiyesema. Akupe ujasiri wa kuwakatalia rafiki zako siku wanapocheka wote. Sikukuu hizi zikupite ukiwa na watu wako wote na wanyama wako wote, na aliyekuamini aje achukue alichokuachia kikiwa kizima. Amina.